Jinsi Taya la Egidi Lilivyogoma Kurudi

Ninaandika haya kwa ajili ya wale waliosikia habari hii bwenini, jikoni au ndani ya basi la Mbinga, na kila walipoisikia wakaikuta imekua. Mmoja ameniambia kwamba Egidi alimeza nzi wanane. Walikuwa wawili. Mimi nilikuwepo, na kwa bahati mbaya mimi ndiye niliyekuwa chanzo, kwa hiyo hakuna shahidi aliyekaa karibu zaidi.

Jina langu ni Abdulswamadu, mtu wa Tunduru, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni iliyo nje kidogo ya Mshangano. Jina la shule nalihifadhi. Nadhani shule yenyewe itashukuru. Wenzangu huniita Abdu. Mwalimu akiniita Abdu, siku hiyo ni njema. Akiniita Abdulswamadu, bila kuruka silabi hata moja, mwenye busara huanza kukumbuka alichofanya jana.

Egidi ndiye ninayekaa naye dawati moja. Kwao ni Mpitimbi, ni Mngoni wa baba na mama, na si mtundu. Hilo naomba lieleweke mapema. Ugonjwa wa Egidi ni kucheka. Mimi nikifanya jambo, uso wangu hubaki kama wa imamu siku ya Ijumaa. Yeye asiyefanya lolote ndiye huangua kicheko, na walimu tangu zamani humkamata anayecheka. Kwa njia hiyo Egidi alikuwa amekusanya makosa matatu yaliyokuwa yangu, na mwezi wa tano akapewa barua ya onyo la mwisho. Mama yake aliitwa kuja kuitia sahihi. Aliacha palizi, akaja, akatia sahihi, akarudi Mpitimbi. Barua ilisema wazi: kosa moja zaidi, Egidi anafungasha godoro lake.

La tatu kati ya makosa hayo ndilo lililonifundisha taya. Shule yetu hula makande, na mahindi ya makande yetu huiva siku mpishi anapotaka. Basi asubuhi moja mlango wa bwalo ulikutwa na tangazo lililoandikwa kwa herufi nzuri: JIMU YA TAYA. KIINGILIO: MENO. Egidi alilisoma mbele ya mpishi, akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye akapata onyo. Mimi, kwa sababu Madamu Careen wa Baiolojia aliutambua mwandiko na hakumfikishia mwalimu wa nidhamu, nikapewa naye adhabu ya kisomi: kuchora kichwa cha binadamu kwa upande, mifupa ya taya na misuli yote ya kutafuna, na majina yake, mara arobaini.

Mtu akichora kitu mara arobaini, hata akikichukia anakijua. Najua kwamba taya la chini linaning'inia chini ya fuvu kwa vifundo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Najua kwamba kila kifundo kina kichwa cha mfupa kinachokaa ndani ya kishimo, na kati yao kuna kisahani cha gegedu ili mfupa usisage mfupa. Kufungua mdomo kidogo ni kazi kama ya bawaba ya mlango. Kufungua sana ni habari nyingine: kile kichwa cha mfupa hutoka kishimoni, huteleza mbele na kupanda kinundu kidogo, kisha mdomo ukifungwa hurudi chini kwake. Misuli ya kutafuna ni jozi nne. Msuli wa shavu na msuli wa panja hufunga, nao ndio wababe. Uking'ata meno utawahisi wakivimba. Wa tatu umejificha kwa ndani, nao hufunga. Jozi moja tu ndiyo huvuta taya mbele. Yaani mwili umeajiri watatu wa kufunga na mmoja wa kufungua. Nilimwambia Madamu kwamba hilo ni pendekezo la Mwenyezi Mungu kwa wanafunzi wasemao sana. Akaniongezea michoro mitano.

Sasa tuje kwenye tukio.

Miayo huambukiza. Mmoja akipiga, jirani naye hupiga. Mimi nilitaka kujua kama ugonjwa huu unampata pia mwalimu wa nidhamu. Mwalimu Hironimus hutufundisha Uraia saa nane mchana, tumbo likiwa limejaa makande na bati la darasa likiwaka. Katika miaka mitatu hakuna aliyewahi kumwona akipiga miayo, akipiga chafya au akijikuna. Mpango ulikuwa rahisi. Wanafunzi thelathini na wanane, safu baada ya safu, tupige miayo kwa zamu bila kelele, mpaka naye apige. Lengo lilikuwa la kisayansi: kuthibitisha kwamba ni binadamu.

Egidi peke yake ndiye aliyesita.

"Abdu, mimi nina onyo la mwisho," alinong'ona tulipokuwa tunasuuza sahani.

"Kupiga miayo si kosa. Soma sheria za shule, zote ishirini na tatu. Hakuna miayo."

"Na nikicheka?"

"Huwezi kucheka huku unapiga miayo. Mdomo ni mmoja. Ukiona kicheko kinakuja, wewe panua zaidi, kitakosa njia."

Huo ndio ushauri niliompa. Nauandika kama ulivyokuwa, sijaupamba.

Mwalimu Hironimus alifika kwenye wajibu wa tatu wa raia mwema nilipodondosha kalamu, ambayo ndiyo ilikuwa ishara. Safu ya nyuma ilianza. Ikafuata ya pili. Polikarp, ambaye ni mkubwa kuliko sisi na ana mdomo wa kumezea chungwa zima, alipiga miayo yenye heshima kubwa. Mwalimu aliendelea kuandika ubaoni. Alipogeuka, machozi yalikuwa yamemlengalenga na shavu lake likicheza, lakini midomo aliibana kama mtu aliyeshikilia pini. Ilikuwa vita. Nilimheshimu.

Zamu ya dawati letu ikafika. Egidi alifumbua mdomo, akamwona Mwalimu na lile shavu, na kicheko kikaanza kumpanda. Nilikiona kikitoka tumboni. Akafuata ushauri. Akapanua. Kikazidi, naye akazidi kupanua, mpaka pakasikika sauti mbili ndogo, moja kulia na moja kushoto, kama mtu anayevunja karanga mbichi.

Mdomo ukabaki hapo.

"Asante, Egidi, tumeona," alisema Mwalimu. "Sasa funga."

"Aaah."

"Nimesema funga mdomo."

"Haaa-aah."

"Unanijibu?"

"Aaah!"

Darasa lilianguka kwa kicheko. Polikarp alipiga dawati kwa ngumi. "Egidi kidume! Amekomaa nayo!" Na Egidi, ambaye maisha yake yote alikuwa wa kwanza kucheka, sasa alikuwa peke yake asiyecheka. Mate yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye tai. Mwalimu Hironimus aliyatazama, akaweka chaki chini taratibu, akasema neno moja: "Ofisini." Wakatoka, Mwalimu mbele, Egidi nyuma akiwa ameshika kidevu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la uji.

Naomba nikiri kwamba dakika kumi za kwanza sikufanya lolote. Na mimi niliamini anaigiza, na nilimwonea wivu. Kisha nikafungua daftari ili nionekane nasoma, na kwenye ukurasa wa katikati palikuwa na mmoja wa wale watu wangu arobaini na watano, wa upande, mdomo umefungwa. Nikakumbuka kidevu cha Egidi. Hakikuwa kimeshuka tu. Kilikuwa kimekwenda mbele, kama droo iliyovutwa ikakwama. Mtu anayeigiza hushusha kidevu. Hawezi kukisogeza mbele hivyo na kukiacha huko dakika tano huku machozi yakimtoka. Nilizihesabu zile sauti mbili upya. Nikajua kichwa cha mfupa kimepanda kinundu, kimevuka, kimeangukia upande wa pili. Na wale watatu wa kufunga walikuwa wanafunga kwa nguvu zao zote, kama watu wanaousukuma mlango ambao umeshatoka kwenye fremu. Kadiri wanavyosukuma ndivyo unavyogoma.

Nikanyanyuka.

Mkuu wa shule alikuwa safarini, kwa hiyo kiti chake, mhuri wake na uwezo wake wote wa kufukuza watu vilikuwa kwa Mwalimu Hironimus. Nilipoingia, Egidi alikuwa amesimama ukutani. Katibu muhtasi wetu, Dada Zuhra, alikuwa kwenye kompyuta akichapa, na Mwalimu alikuwa akimsomea: "...kwa kumdhihaki mwalimu darasani kwa makusudi, na baada ya kuonywa kuendelea kukaidi..."

"Shikamoo Mwalimu."

"Abdulswamadu. Sikukuita."

"Mwalimu, Egidi hakaidi. Taya limetoka kwenye kifundo."

"Mwezi wa pili uliniambia kuna chatu bweni la tatu," alisema Mwalimu bila kunitazama. "Nikalala na tochi mlangoni usiku mzima. Mwezi wa nne ukaniambia Polikarp amepatwa na upofu. Alikuwa amevaa soksi usoni. Dada Zuhra, tulifika wapi?"

"Kuendelea kukaidi, Mwalimu."

"Mwalimu, wallahi..."

"Usimwapie Mungu ofisini kwangu. Andika: kwa hiyo kuanzia leo..."

Egidi alinitazama. Alikuwa na maneno mengi, hilo lilionekana, na hakuwa na mlango wa kuyatolea. Mama yake angeletewa barua hii Mpitimbi, asingeelezwa na mtu, na mwanawe angesimama mbele yake mdomo wazi.

Nilikuwa nimedanganya katika ofisi ile mara nyingi, na nilijua kwamba ukweli wangu hauna tofauti ya sura na uongo wangu. Vyote viwili huvaa nguo moja. Ilibidi nitafute ukweli ambao hakuna mwongo angeutaka.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyepanga darasa zima lipige miayo," nikasema. "Ishara ilikuwa kalamu yangu. Nilitaka upige miayo na wewe. Egidi alikataa, nikamshawishi. Alitaka kucheka, nikamwambia apanue. Na ile ya bwalo ni mimi, na ile ya kengele ya saa tisa ni mimi, na ya mbuzi kwenye maktaba ni mimi. Yeye alicheka tu."

Dada Zuhra aliacha kuchapa.

Mwalimu Hironimus alivua miwani. "Ya mbuzi pia?"

"Pia, Mwalimu."

"Mwongo huwasingizia wengine," alisema polepole, kana kwamba anajisomea mwenyewe. "Sijawahi kuona anayejisingizia mbuzi. Haya, nithibitishie na hilo la taya. Una dakika moja."

"Weka kidole mbele ya sikio lako, Mwalimu. Hapo. Sasa fungua mdomo, funga. Fungua, funga."

Nitaikumbuka picha hiyo mpaka nizeeke. Mwalimu wa nidhamu, vidole viwili mbele ya masikio, akifungua na kufunga mdomo kama samaki wa Ziwa Nyasa aliyetolewa majini. Dada Zuhra naye alikuwa akijaribu, nyuma ya kompyuta. Na Egidi, Mungu amhurumie, mabega yalianza kumtetemeka.

"Kuna kitu kinatembea," alisema Mwalimu.

"Hicho ndicho kichwa cha taya. Kinakwenda mbele, kinarudi. Sasa mshike Egidi palepale."

Mwalimu alimshika. Akasogeza kidole mbele, akakirudisha. Uso wake ukabadilika. "Hapa pana shimo."

"Kwa sababu mwenyewe hayupo nyumbani, Mwalimu. Amekaa mbele."

Alishika na upande wa pili. Pana shimo. Akachukua taulo lake la mkononi lililofunika mtungi, akamfuta Egidi mate kidevuni, taratibu sana. Kisha akaita dereva wa pikapu, na ni huko njiani, upepo ukimpiga usoni, ndiko Egidi alikomeza wale nzi wawili.

Kwenye kituo cha afya tulipokewa na tabibu mmoja mwanamke, mnene, mcheshi, aitwaye Skolastika. Alimtazama Egidi mara moja tu. "Miayo au embe?"

"Miayo," nikajibu.

"Ya nusu saa?"

"Inakaribia saa nzima."

Alimkalisha kwenye kigoda kifupi, kichwa kikiegemea ukuta, akajizungushia bandeji nene kwenye vidole gumba vyote viwili. "Hii ni kwa ajili yangu," alieleza. "Likirudi hurudi na njaa." Akaingiza vidole gumba juu ya magego ya chini, vingine akavishikisha chini ya kidevu, akakandamiza kwenda chini. Halikutikisika. Misuli ya mashavu ya Egidi ilikuwa imekaza kama kamba ya kuanikia nguo, na ya panja ilionekana ikitetemeka chini ya ngozi.

"Legea, mwanangu."

"Aaah."

"Hujalegea. Unanisaidia. Usinisaidie." Alijaribu tena, jasho likamtoka, akapumzika. Akamgeukia Mwalimu. "Sindano ya kulegeza ninayo, lakini wacha kwanza. Huyu kabila gani?"

"Mngoni. Wa Mpitimbi."

Tabibu Skolastika alisimama wima, uso ukamng'aa. "Kumbe! Mimi Mhehe wa Iringa. Nimehangaika nusu saa na mtani wangu, na hakuna aliyeniambia?" Akavirudisha vidole mahali pake, sasa kwa starehe, kama mtu anayekaa barazani kwake. "Wewe Mngoni. Babu zako walipokuja kwetu na mikuki yao, unajua waliondokaje? Mbio! Ngao waliacha. Bibi yangu alikuwa anaanikia mtama juu yake."

Macho ya Egidi yalitanuka.

Asiyejua utani atadhani nazungumzia matusi. Sivyo. Mhehe na Mngoni walipigana zamani mpaka wakachoka, na tangu hapo wanapigana kwa maneno, hata msibani, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Sharti ni moja tu: ukitaniwa, jibu. Anayenyamaza ameshindwa, na si yeye peke yake, ni ukoo mzima.

"Hajibu," Skolastika alimwambia Mwalimu kwa masikitiko. "Mwalimu, wewe ni shahidi. Mngoni amekubali. Nitaandika kwenye faili lake: mgonjwa amekiri kwamba Wahehe waliwapiga."

Egidi alikuwa hayupo tena pale kwenye kigoda. Nilimwona akitafuta jibu, akilitafuta kwa akili yote, maumivu ameyasahau, taya amelisahau, mashavu yamelegea kama ya mtoto aliyelala.

"Na ninaongeza, eti ngao zenyewe zilikuwa..."

Akakandamiza chini, akasukuma nyuma. Klak. Klak.

"Mlikimbilia milimani!" akasema Egidi.

Na kwa kuwa vidole gumba vya tabibu vilikuwa bado ndani, sentensi hiyo iliishia kwenye mfupa wa Mhehe. Skolastika alipiga yowe lililowatoa watu kwenye foleni ya kliniki ya watoto. Bandeji ilisaidia, lakini si sana. "Jamani Mngoni huyu!" alilia huku akicheka, akipunga mkono. "Hata ukimponya anakula mtu!"

Mwalimu Hironimus aligeukia dirishani. Alikaa huko muda, mabega yakipanda na kushuka.

Egidi alifungwa bandeji kutoka kidevuni mpaka utosini, fundo juu, kama zawadi. Masharti yalikuwa haya: wiki tatu asipanue mdomo, asitafune kigumu, na miayo ikija aweke ngumi chini ya kidevu na kuizuia isivuke mpaka. Makande hayakutajwa kwa jina, ila tabibu alipouliza shuleni wanakula nini na Mwalimu akamwambia, alimtazama kwa huruma.

Tulirudi jioni. Barua ilikuwa bado kwenye kompyuta. Mwalimu alimwambia Dada Zuhra afute jina la Egidi, akasimama kidogo, akamwambia afute na maneno mengine yote isipokuwa anwani. Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vitu vyangu moyoni: godoro, ndoo, sanduku, mfuko wa korosho nilioletewa kutoka nyumbani.

"Onyo la mwisho ni lako sasa," alisema. "Mama yako ataitwa kutoka Tunduru kuja kulitia sahihi. Na kwa wiki tatu, mwenzako hana taya. Wewe ndiye taya lake."

Sikumwelewa mpaka mchana wa siku iliyofuata, mpishi aliponikabidhi kinu, mchi na sahani ya Egidi. Tafsiri yake ni kwamba kila siku, wengine wakila, mimi nilitwanga makande ya mtu mmoja mpaka yawe kama uji mzito, nikayachuja maganda, nikampelekea. Mpishi, ambaye alikuwa hajasahau tangazo la jimu, alihakikisha mahindi ya sahani ile hayaivi mapema. Siku ya tatu mikono ilitoka malengelenge. Siku ya sita niliweka kidole mbele ya sikio langu, nikatafuna hewa, na nikaviomba radhi vile vifundo viwili vilivyokuwa vinafanya kazi hiyo tangu niote meno, bila malengelenge na bila kusifiwa.

Egidi, kwa ile bandeji, hakuweza kusema. Alikuwa akiandika. Karatasi ya kwanza aliyonipa ilisema: "Yana chembe." Ya pili: "Bado yana chembe." Mama yake alikuja Jumapili na maziwa mgando, akaelezwa na Mwalimu Hironimus mwenyewe, barazani, kwa muda mrefu. Alipopita mbele yangu nilimwamkia. Aliitikia marahaba, akaitazama mikono yangu, akasema, "Twanga vizuri, baba," akaenda kwa mwanawe.

Wiki tatu ziliisha siku ya Uraia. Saa nane, joto, tumbo limejaa. Hakuna aliyepanga chochote. Naapa, na safari hii ningeweza kuapa hata ofisini. Mwalimu alikuwa kwenye wajibu wa saba wa raia mwema. Egidi, bandeji imetoka siku hiyohiyo, alihisi miayo inakuja. Akaweka ngumi chini ya kidevu kama alivyoelekezwa, akaipiga kidogo, kwa adabu, ikapita salama. Polikarp alimwona, ikamshika, naye akaweka ngumi. Ikatambaa safu kwa safu, kila mtu ngumi kidevuni, kimya, thelathini na wanane.

Mwalimu Hironimus aligeuka kutoka ubaoni, akatuona. Shavu likaanza kucheza. Akapambana. Kisha, polepole, mkono wenye chaki ukapanda, ukajikunja ngumi, ukakaa chini ya kidevu.

Egidi alikuwa wa kwanza kucheka. Hakuna aliyemkamata.